Sumu Migongoni mwa Vitabu

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa mzee huyu ni ukali wake juu ya vidole vya watu. Sikuwa nimemaliza hata kumwamkia. Niliokota kitabu kimoja kwenye rundo lililokuwa mezani kwake, nikalowesha kidole kwa ulimi ili nifunue ukurasa, kama nilivyozoea tangu shule ya msingi. Akanipiga kofi mkononi, kitabu kikaanguka chini.

"Toa kidole mdomoni! Umeachishwa ziwa lini wewe?"

Kabla sijapata nafasi ya kukasirika, akanishika kiwiko, akanipeleka kwenye bomba lililo nje ya karakana yake na kunipa kipande cha sabuni. Alisimama akinitazama nikinawa. Nilipodhani nimemaliza akasema, "Na mdomo. Sukutua. Tema. Haya, tena." Nilisukutua, nikatema, nikasukutua tena. Mikono yake ilikuwa ndani ya glavu ndefu za mpira, na alipozivua ili afunge bomba niliona kucha zake. Kila ukucha ulikatizwa na mstari mweupe, kama vile mtu ameuchora kwa chaki na rula.

Hapo chuoni wanamwita Babu Gundi. Yeye ni mjalidi, yaani fundi wa kushona na kubandika vitabu, katika maktaba ya chuo cha jamii. Ni chuo cha watu wazima. Mtu akitoka kazini jioni huja kujifunza ushonaji, umeme wa majumbani, uhasibu au uuguzi wa nyumbani. Mimi nilikuwa nimehitimu chuo kikuu mwaka uliotangulia, na mkuu wa chuo, mama mmoja mrefu asiyependa maneno mengi, aliniajiri kwa muda niandike historia ya maktaba kwa ajili ya kijitabu cha maadhimisho. Nilidhani ni kazi nyepesi. Nilikuja na maswali yangu: ilianza lini, nani aliianzisha, iliwasaidia akina nani. Sikujua kwamba maktaba yenyewe ilikuwa imefungwa kwa kufuli tangu muhula uliopita, wala kwamba nyuma ya karakana ya useremala lilikuwa limechimbwa shimo refu la kuvifukia vitabu vyote.

"Historia?" Babu Gundi aliuliza nilipomweleza. Akacheka kicheko kikavu. "Umekuja matangani mgonjwa hajakata roho. Haya, keti. Lakini usiguse kitu."

Nikaketi. Nilikaa naye michana mingi baada ya huo. Alinieleza historia ya maktaba huku akifanya kazi, na kazi aliyokuwa akiifanya ilikuwa ya kuvunja. Alichukua kitabu kimoja kimoja, akakitoa jalada, akakwangua gundi ya mgongoni kwa kisu butu na kitambaa kibichi, akakata kingo zote nne za kurasa. Vitabu hivyo alivijenga mwenyewe katika maisha yake yote ya utu uzima. Sasa alikuwa akivivua ngozi. Alikuwa akitafuta jambo moja tu: kurasa zilizomo ndani zisiende shimoni.

Maktaba ilianza katika ghala la nafaka. Waanzilishi wa chuo walipewa jengo hilo na wenyewe waliolihama, "na wapangaji wake tukarithishwa," alisema Babu Gundi. Wapangaji hao walikuwa mende, panya, mchwa, na vile vidudu vyembamba vya rangi ya fedha vinavyoishi kwa kula karatasi. Vitabu vya kwanza vililetwa kwa magunia, michango ya watu, vingi vikiwa vimevunjika migongo. Mkuu wa kwanza alitafuta mjalidi mji mzima, hakupata. Ndipo akavuka barabara hadi kwa kijana mmoja mshona viatu aliyekuwa akikaa barazani mkabala na lango, akamwonyesha kitabu kilichoachana.

"Akaniuliza, 'Hiki utakiweza?' Nikamwambia, mwalimu, kama hakinuki miguu nitakishona."

Aliajiriwa. Muda si mrefu mkewe naye akaajiriwa, kwa sababu yeye alikuwa na mkono mwepesi kumshinda mume. Wakagawana kazi. Mke alikunja kurasa, akatoboa matundu kwa msharasi ule ule wa viatu, akashona kwa uzi uliopakwa nta. Mume alipaka gundi mgongoni, akabandika kitambaa, akafunga jalada, akakibana kitabu kwenye jiliwa hadi kikauke. Wanafunzi walimwita mke Bibi Sindano. Nimemwona katika picha moja tu iliyotundikwa karakanani: mwanamke mfupi, uzi umening'inia mdomoni, anamkodolea macho mpiga picha kama vile amemkatiza jambo la maana.

Gundi yao ilikuwa ya unga wa ngano na maji, iliyokorogwa jikoni kwao juu ya jiko la mkaa. Ni gundi nzuri, haikunji karatasi wala haiivunji. Ila ni chakula.

"Tulikuwa tunawapikia mende," alisema. "Unabandika leo, wiki ijayo mgongo umeliwa. Mke wangu akawa anasema tuwawekee na chumvi kabisa."

Rafu nzima zilikwisha. Wakuu walianza kusema kwamba ghala litabaki ghala, maktaba haiwezekani. Hapo ndipo mwalimu wa kilimo, aliyeitwa na wote Bwana Shamba, alipoleta debe la unga mweupe uliobaki kwenye josho la mifugo. Hauna harufu, hauachi doa, hauna ladha, alisema. Kijiko kimoja kwa sufuria nzima ya gundi. Unaua kupe wa ng'ombe, sembuse mende.

Na kweli uliua. Mende walizolewa nyuma ya rafu kwa beleshi. Mchwa walifika hadi kwenye ubao wa chini wakageuza. Shule za jirani, ambazo vitabu vyao viliendelea kuliwa, zilituma watu waje kujifunza siri. Mkuu wa kwanza aliwasimamisha mume na mke mbele ya chuo kizima wakapigiwa makofi. Bwana Shamba alihamishwa, baadaye akafariki, lakini debe lake lilibaki chini ya meza ya karakana. Kwa kijiko kimoja kimoja, debe halikwishi upesi. Lilidumu miaka na miaka.

Wanafunzi nao walikuwa na mzaha wao. Ukisoma sana, walisema, tumbo litakuuma. Uliitwa ugonjwa wa maktaba. Mvivu alipoulizwa kwa nini hakufanya zoezi, alijishika tumbo akasema, "Mwalimu, nimesoma mno." Darasa likacheka, mwalimu naye akacheka. Walioumwa kweli walikuwa wale waliokaa na vitabu hadi taa zizimwe, wakilowesha kidole na kufunua, wakilowesha na kufunua. Hakuna aliyeufikiria mzaha huo mara mbili.

Nilimuuliza Babu Gundi kama yeye alijua kuwa unga ule ni sumu.

"Nilijua ni sumu ya mende," alisema. "Mtu anajua kisu kinakata nyama, hajioni kuwa yeye ni nyama."

Nyumbani alikuwa mwangalifu, au alidhani hivyo. Sufuria ya gundi ilikaa peke yake, imefungwa kamba nyekundu kwenye mpini, na hakuna aliyeruhusiwa hata kuchemshia maji ndani yake. Lakini mwiko wa kukorogea ulikuwa mmoja. Aliuchonga yeye mwaka waliooana, kwa mti mgumu, mzito, usiopinda. Gundi nzito huvunja miko ya kununua. Basi asubuhi ulikoroga gundi, ukasuuzwa, jioni ukakoroga chakula cha watu.

"Sufuria niliichunga kama mboni ya jicho," alisema. Kisu kilikuwa kimesimama mkononi mwake. "Mwiko, nani huuwazia mwiko?"

Mkewe alianza kuugua taratibu. Viganja vilikuwa vigumu, vikaota vijipele kama sugu. Ngozi ya kifuani ikawa na madoa. Kisha miguu ikafa ganzi. Kandambili zilikuwa zikimvuka njiani asijue, anafika karakanani na mguu mmoja mtupu, watu wanacheka, naye anacheka. Tumbo likamsumbua. Hospitali wakampima malaria, wakampima vidonda vya tumbo, wakampima sukari. Majirani wakasema yao. Aliposhindwa kutoka kitandani, mume alipika mwenyewe. Alimpikia uji mwepesi, asubuhi na jioni, akiukoroga vizuri usiwe na madonge.

"Kadiri alivyodhoofika, ndivyo nilivyozidi kumkorogea," alisema. Alivaa glavu zake akarudi kwenye kisu.

Alikufa. Maktaba ilifungwa siku ya mazishi, ikafunguliwa kesho yake. Babu Gundi akaendelea peke yake, akishona na kubandika, akala nje kwa sababu hakuwa na hamu ya kupika. Kwa hiyo aliugua polepole kuliko mkewe. Vidole vilipoanza kufa ganzi akidondosha sindano, alikwenda zahanati kuomba dawa ya kuchua. Daktari wa zamu alikuwa kijana. Alimshika vidole akavigeuza chini ya taa, akaifuata kwa kalamu ile mistari myeupe ya kucha.

"Mzee, wewe ni mfugaji?"

"Mimi? Hata kuku sina."

"Unafanya kazi gani?"

Akamweleza. Daktari akauliza gundi inatengenezwaje, naye, kwa fahari ya fundi, akamweleza hadi kile kijiko kimoja cha unga wa josho. Anasema alimwona yule kijana akiweka kalamu chini. Halafu daktari akamuuliza kama kuna mtu mwingine nyumbani.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Babu Gundi hakwenda nyumbani siku hiyo. Alitoka zahanati moja kwa moja hadi ofisi ya mkuu wa chuo, akamwambia yote akiwa amesimama, akamwomba afunge maktaba. Kufuli likatiwa jioni hiyo hiyo. Vipimo vya mkemia wa serikali vikathibitisha sumu kwenye migongo na majalada. Daktari akakataza vitabu visichomwe, kwa kuwa hata moshi wake ungedhuru, na baraza la chuo likaamua vifukiwe.

Baada ya mkuu, alikuwa amebaki mtu mmoja wa kumwambia, na huyo ndiye aliyekuwa mzito. Binti yake, mtoto wao wa pekee, ni mwalimu wa ushonaji hapo hapo chuoni. Darasa lake liko ng'ambo ya uwanja. Ukisimama mlangoni mwa karakana unasikia cherehani zake. Alimwambia binti kuhusu gundi, na kuhusu mwiko. Tangu siku hiyo binti hakukanyaga karakanani. Ni yeye aliyesimama katika kikao cha baraza na kutaka vitabu vyote vifukiwe, na ni yeye aliyetafuta watu wa kuchimba shimo.

Mimi nilimwona kwa mara ya kwanza akiwa mlangoni, utepe wa kupimia ungali shingoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

"Nimesikia bado unafanya kazi humu."

"Nasafisha."

"Unasafisha nini? Kilichomfukia mama unataka kukipaka rangi?"

"Sumu iko kwenye gundi," mzee alisema. "Gundi iko mgongoni na kwenye jalada. Nikiondoa vyote viwili, nikakata na kingo walizoshika watu, kinachobaki ni karatasi na uzi. Kazi ya mama yako inabaki. Yangu ndiyo ya kutupa."

"Masufuria mlikuwa nayo mawili, baba." Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Mlishindwa kuwa na miko miwili?"

Binti alinitazama kana kwamba ndiyo kwanza anatambua kuwa nipo, akaniambia, "Na wewe andika hilo kwenye kijitabu chenu," akaondoka. Nilitamani sakafu inimeze. Kalamu ilikuwa mkononi na sikuandika neno.

Mkuu wa chuo alikuwa katikati ya moto. Nilimuuliza ofisini kwake atafanya nini. Alisema wanafunzi wa uuguzi wanafanya mitihani bila kitabu hata kimoja, na chuo hakina namna ya kupata vingine kwa miaka ijayo. Akasema pia kwamba hawezi kumpa mtu kitabu kwa sababu tu mzee mmoja anasema amekisafisha. "Anithibitishie," alisema. "Vichache vikapimwe. Vikionekana safi, tutasafisha vyote na kufungua mlango. Sumu ikionekana hata kwenye kimoja, shimo liko tayari." Halafu akaongeza, kama mtu anayejisemea, kwamba yeye mwenyewe alisoma katika chumba kile akiwa msichana, na tumbo lilimuuma sana.

Nilipompelekea Babu Gundi habari hizo alifurahi kwa dakika moja, kisha akatazama vidole vyake. Kazi ya kukwangua inataka mtu ahisi pale gundi inapokwisha na karatasi inapoanza. Yeye hakuhisi tena. Alikuwa akitegemea macho, na macho nayo ni ya mzee. Vitabu viwili alivichana kabisa. Kingine, kitabu kinene cha huduma ya kwanza, alikimaliza vizuri, akakiinua anionyeshe, kikiwa kitupu, bila jalada wala mgongo. Kikamponyoka.

Wakati huo huo binti alikuwa ameingia. Alikuja na magunia, kwa kuwa majalada yaliyovuliwa yalitakiwa kupelekwa shimoni siku hiyo, na alikuwa amevaa glavu na barakoa. Kitabu kilianguka miguuni pake kikafunguka kama kuku aliyetandazwa. Sote tulingoja kurasa zitawanyike. Hazikutawanyika. Hata moja haikuchomoka.

Aliinama akakiokota. Akakigeuza upande wa mgongo, palipokuwa na safu za uzi tu, uliokuwa wa kahawia kwa uzee. Akakivuta huku na huku kwa nguvu, kama anavyojaribu mishono ya wanafunzi wake. Kisha akakisogeza karibu na dirisha akaangalia mahali uzi unapoishia.

"Hili fundo," alisema.

"Ni lake," alisema mzee. "Anazungusha mara mbili, halafu analificha chini ya mshono wa mwisho. Mimi sikuwahi kuliweza."

"Nalifundisha kila muhula. Mara mbili, halafu chini." Akalipitishia kidole. "Nilikuwa sikumbuki nimelitoa wapi."

Cherehani ng'ambo ya uwanja ziliendelea kulia. Mzee alitaka kusema kitu, binti akainua mkono.

"Sijakusamehe, baba."

"Sijaomba, mwanangu."

"Basi usinitazame hivyo. Hapa umeacha gundi. Na hapa. Ungepeleka hiki kikapimwe hivi?" Akavuta kiti cha mama yake, akaketi. "Lete hicho kisu."

Kuanzia hapo alikuja kila jioni baada ya kufunga darasa lake. Hawakuzungumza mambo mengi. Yeye alikwangua, mzee alilowesha vitambaa na kushika taa, mimi nilitoa takataka kwa magunia nikiwa nimefungwa barakoa hadi machoni. Mara moja binti alimwambia baba yake anashika taa kama mtu anayetafuta panya, na mzee akacheka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kicheko kisicho kikavu. Siku nyingine binti aliweka kisu chini katikati ya kazi, akatoka nje, akarudi macho mekundu, akaendelea palepale alipoachia.

Vitabu vya kupimwa vilipokuwa tayari, mkuu alitaka kuvituma kwa posta. Binti alikataa. Alisema atavipeleka mwenyewe hadi mezani kwa mkemia na hataondoka bila jibu. Alivifunga katika karatasi za nailoni, kitabu cha huduma ya kwanza kikiwa juu, akasafiri jana. Kabla ya kupanda gari alimwambia baba yake, "Wakisema ni chafu, mimi mwenyewe ndiye nitakayevitia shimoni. Usije ukanililia." Mzee alisema sawa.

Leo ndiyo siku ya jibu. Ninaandika haya nikiwa karakanani. Babu Gundi amevaa shati safi. Asubuhi aliomba ufunguo, akafuta rafu zote za maktaba kwa maji ya sabuni, rafu tupu, kisha akakaa akizitazama hadi mkuu mwenyewe alipokuja kumtoa. Wanafunzi wa uuguzi wametoka kazini wakapitia hapa. Wako kwenye ngazi, wameketi na mikoba yao mapajani, na mmoja wao, mama mnene mwenye sauti ya kengele, amechungulia dirishani.

"Babu, leo tunasoma au tunazika?"

"Subirini," amesema mzee. "Subirini hapo hapo."

Simu nitaipokea mimi, kwa sababu vidole vyake havihisi vitufe. Iko katikati ya meza. Amenionya kwamba ikilia nisianze kumwamkia binti yake kwa maneno marefu ya shule. Nimuulize mara moja. Amekwisha kuniuliza mara kadhaa kama ina chaji. Mkuu wa chuo ameingia, amesimama kando ya jiliwa. Mzee amesogeza kiti chake karibu, ameweka mikono yote miwili mezani, na sote tunaitazama simu.